Mkwe Wangu Ndiye Nesi

Nyalenda, Kisumu
9 Februari 2025

Mpendwa Waya Dorca, shangazi yangu wa pekee,

Hujambo? Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na kuku wako, hata yule jogoo mwenda wazimu aliyenikimbiza Novemba, siku wakwe wa binti yako Aloo walipoleta ng'ombe wa mahari. Nilikimbia na sahani ya wali mkononi na mpaka leo mume wangu Dishon ananicheka. Sisi huku tuko sawa. Dishon anaendelea kuchomelea mageti, mtoto anapenda shule kuliko nilivyowahi kuipenda mimi, na nguo za watoto ninazouza soko la Kibuye zinatoka vizuri tangu shule zifunguliwe.

Utashangaa kwa nini nimechukua kalamu na simu ipo. Waya, simu yako inaongea kwa spika tu. Nikisema hujambo, mwanao Calvince anaitikia kutoka jikoni na jirani anaitikia kutoka kwake. Kwa hiyo nimempa Benta barua hii, na nimeifunga kwa gundi kwa sababu Benta namjua.

Ni Benta huyo huyo, alipoleta dagaa wake wa omena hapa sokoni, aliyeniambia kwamba ngoma ya kanisa sasa inapigwa na Shantel, mke wa Okinyi. Anasema Shantel anaipiga kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Nilimuuliza, "Na Waya je?" Akasema, "Yuko tu. Anakaa benchi la nyuma na leso yake."

Benchi la nyuma! Mimi nimekujua na ile ngoma tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Ulipiga siku ulipomzika mume wako, watu wakasema una moyo mgumu, na mimi nilijua ndiyo ilikuwa njia yako ya kulia. Huwezi kuiacha hivi hivi.

Waya, una nini?

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Rachael

*

Port Victoria
2 Machi 2025

Kwako Rachael, nyathina, mtoto wangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuona bado unajua kuandika. Nilidhani nyinyi watu wa mjini mmebaki na vidole vya simu peke yake. Sisi hatujambo. Calvince amepaka mashua rangi ya kijani, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Aloo ameniletea sukari na maneno mengi ya nyumba yake mpya. Yeye na mumewe Brandon wanapendana mpaka inachosha kuwatazama. Jogoo anakusalimu.

Habari ya ngoma. Nilitaka kuandika kwamba nimechoka, nipumzike, vijana nao washike. Niliandika hivyo, nikachana karatasi. Wewe ukikataa kitu unakataa kama baba yako.

Kizazi changu kimeshuka. Basi, nimeandika. Usisome kwa sauti.

Kilianza mwaka jana kama uzito tu, nikadhani ni kusimama sana kwenye moto wa samaki. Sasa nikisimama muda mrefu kinateremka, nasikia kitu kama yai la bata pale chini. Nikilala kinarudi. Beseni la samaki naweza kulibeba nikijikaza, lakini ngoma haitaki mtu aliyejikaza. Unajua inavyoning'inia begani, na tunavyoandamana nayo kutoka kanisani mpaka sokoni na kurudi. Kila nikipiga kinashuka kidogo. Jumapili ya mwisho ya Desemba niliona kitaanguka barabarani mbele ya mchungaji, nikampa Shantel ngoma nikasema mkono unauma.

Inaniuma, Rachael. Shantel ana nguvu lakini hana sikio. Mimi nakaa nyuma, vidole vinapiga kwenye goti, na ninajiona kama mgeni katika kanisa langu.

Usiniambie niende kliniki. Foleni ya hapa ni ndefu, jua ni kali, benchi ni moja, na ukitoka hapo mji wote umeshajua ulichoendea. Tena siku hizi dawa hawana. Tena nina samaki wa kubanika. Wasalimie Dishon na mtoto.

Wako,
Waya Dorca

*

Nyalenda, Kisumu
16 Machi 2025

Mpendwa Waya,

Hujambo tena? Huku mvua imeanza na barabara yetu imekuwa uji. Dishon ameweka mawe mlangoni, tunaruka kama watoto. Mtoto amepata homa kidogo, imeisha.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Jambo lenyewe uliliandika kwa mstari mmoja, foleni ukaiandikia nusu ukurasa. Lakini nashukuru umesema.

Kwanza ujue si wewe peke yako. Bila kutaja jina lako niliuliza pale kwenye bomba la maji, na Naswa, jirani yangu, akanivuta kando akaniambia chake kilishuka baada ya mtoto wa mwisho. Nesi mkunga wa kituo cha afya hapa Nyalenda alimtia pete ya mpira inayoshikilia kizazi juu, akamfundisha mazoezi, na sasa Naswa anabeba madumu yake bila habari. Nimefurahi kwa ajili yake, ila mimi kwa maoni yangu nesi ni wa kupima watoto uzito na kudunga sindano. Kizazi kikishuka ni cha daktari, aliyesomea magonjwa ya wanawake. Nimepata jina la mmoja wa hapa mjini, Daktari Mukhwana, wanamsifu sana. Naswa amenikasirikia, anasema ninadharau nesi wake. Tumebishana mpaka dumu langu likamwagika.

Sasa nimefikiri hivi. Ili daktari akuone haraka, ni vizuri mtu wa huko akutazame kwanza na kuandika barua. Na huyo mtu mnaye! Si Nesi Metrine yuko hapo hapo? Ndiye aliyekuzalisha Calvince, ndiye aliyekuzalisha Aloo, na sasa kwa vile Brandon wake amemwoa Aloo ni mkwe kabisa. Nani atakushika vizuri kuliko mkwe? Atakupitisha mbele ya hiyo foleni yako.

Jana nilimpigia simu nikamweleza yote ili kukurahisishia. Akasema, "Sawa, mama," akakata. Nadhani alikuwa na wagonjwa.

Usinishukuru. Nenda tu.

Rachael

*

Port Victoria
25 Mei 2025

Rachael,

Hatujambo. Jogoo hajambo.

Barua yako ni ya mwezi wa tatu na huu ni wa tano. Utajiambia ni kwa sababu omena imefungwa, haivuliwi msimu huu, na Benta hasafiri. Ni kweli imefungwa na ni kweli hasafiri, lakini hata angesafiri kila siku nisingempa kitu. Nilikuwa na hasira. Barua hii analeta mama mmoja wa kanisa anayekuja kumwona binti yake.

Wewe ulimpigia simu mkwe wangu ukamweleza yaliyo chini ya sketi yangu.

Kaa usikie, kwa sababu naona Kisumu imekuosha kichwa. Metrine alinizalisha, ndiyo. Ameniona nikipiga kelele nikiwa kama nilivyozaliwa, na akanipiga paja akisema, "Sukuma, wacha kuimba." Wakati huo alikuwa nesi tu. Novemba alikuja kwangu kama mama wa Brandon. Nilimtandikia kitambaa cheupe, hakula nikimtazama na mimi sikula akinitazama, na tulipoagana hatukushikana mikono. Tangu siku hiyo yale aliyoyaona hakuyaona. Mkwe hamvulii mkwe nguo. Hilo ndilo lilikuwa nyuma ya foleni, na nilidhani wewe, uliyekuwepo na sahani yako ya wali, utaelewa bila kuandikiwa.

Pasaka nilikutana naye kwenye njia ya ufuo. Mimi niliingia kwenye kibanda cha Benta nikajifanya nanunua chumvi. Nilipochungulia nikaona yeye naye amejificha nyuma ya mashua ya Calvince. Wanawake wawili wazima! Tulikaa hivyo mpaka mtu akamsalimu kwa sauti, ikabidi aondoke. Chumvi ninayo ya mwaka mzima.

Na huyo daktari wako. Simwogopi kwa kuwa ni mwanamume. Kwangu ni kijana tu kama Calvince. Naogopa kisu. Nasikia daktari akiona kizazi kimeshuka anataka kukitoa. Sina kazi nacho tena, lakini ni changu. Watoto wangu walilala humo. Na akikitoa nitalala wiki ngapi, na samaki wabanikwe na nani, Calvince na rangi yake ya kijani?

Hasira imepungua nikiandika. Lakini usimpigie mtu simu tena.

Waya wako

*

Nyalenda, Kisumu
8 Juni 2025

Mpendwa Waya wangu,

Nisamehe. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye meza yangu Kibuye, nikaketi chini kati ya nguo. Wateja walidhani nimefiwa. Nilikuwa na haraka ya kukusaidia, nikasahau kabisa kwamba Nesi Metrine amebadilika jina tangu Novemba. Ukiniona, nipige paja na mimi.

Kisha nilipofika kwenye chumvi nilicheka mpaka nikalia. Samahani kwa hilo pia.

Huku tuko salama. Nimekwenda kumwona yule nesi wa Naswa. Anaitwa Nabututu, ni mkunga wa miaka mingi, ana sauti nzito kama ya kondakta. Kabla sijamwambia lolote nilimuuliza ukoo wake, wa mume wake, na walikowaoza wasichana wao. Akaniuliza, "Mama, umekuja kuposa ama umekuja kutibiwa?" Nikamweleza. Alicheka sana, akaniambia hana mkwe hata mmoja kuanzia Port Victoria mpaka Busia. Kwa hiyo njia iko wazi.

Aliniambia mengi, na lazima nikubali kwamba nilimdharau bure. Anasema pete anaweza kuitia yeye mwenyewe, ndiyo kazi yake. Lakini kuna mambo akiyaona hatatia, atamtuma mtu kwa daktari siku hiyo hiyo, na la kwanza ni damu. Akaniagiza nikuulize.

Waya, unatoka damu? Hata kidogo? Najua utaanza na habari za kuku na za Calvince. Swali hili usilijibu kwa salamu. Mama yangu naye alisema ni matone tu.

Nakungoja,
Rachael

*

Port Victoria
6 Julai 2025

Nyathina,

Naleta barua kwa mkono wa Calvince, anayekuja kutafuta kipuri cha injini. Nimemwambia ndani kuna vipimo vya nguo.

Natoka. Sio kila siku. Ni matone kwenye leso, tangu Pasaka.

Sikuandika kwa sababu nilijua utamkumbuka mama yako na saratani yake. Mimi pia nilimkumbuka.

Nakuja. Andaa kitanda, na mwambie Calvince nguo itakuwa tayari baada ya majuma kadhaa.

Dorca

*

Port Victoria
31 Agosti 2025

Mpendwa Rachael,

Nilifika salama. Nimekuta nyumba imesimama, samaki wamebanikwa vizuri, na Calvince anajisifu mpaka nimechoka. Aliniuliza nguo iko wapi. Ikabidi nimwonyeshe lile gauni la maua ulilonipa, akasema vipimo vyangu havikustahili safari yote ile. Asante kwa chakula, asante kwa kulala chini ili mimi nilale juu, na mwambie Dishon supu yake ya kichwa cha samaki mbuta bado naiota. Benta yuko barabarani tena, omena imefunguliwa, kwa hiyo barua zitatembea.

Wiki zote zile ulikaa nje kwenye benchi, na nikitoka nilikuwa nakuambia, "Ni sawa, twende." Sikukusudia kukuficha. Sikujua tu kuyasema nikikutazama usoni. Sasa nimefika kwangu, naweza.

Nabututu alinifungua taratibu, akaongea wakati wote ili nisisikilize mikono yake. Halafu akanyamaza. Nikajua. Akasema, "Mama, kuna kidonda hapa. Inaweza kuwa ni kusuguana na nguo, na inaweza kuwa kitu kingine. Mimi siweki pete juu ya kitu sijui. Leo hii utaenda kwa daktari." Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeshachagua nesi, Rachael. Nilimwambia simtaki daktari, namtaka yeye. Akanishika bega akasema, "Ukinitaka mimi, basi fanya ile nimekuambia."

Ndiyo maana siku ile nilitoka nikikuambia tu twende kwa daktari.

Daktari Mukhwana alichukua kipande kidogo cha nyama kwenda kupima. Ile wiki ya kungoja majibu ndiyo nilipokufulia nguo zote, hata zile za kuuza. Ulidhani ni ukarimu. Ilikuwa ni hofu tupu. Majibu yaliporudi aliniambia kabla sijakaa vizuri: "Mama, si saratani. Ni kidonda cha kusuguana tu." Nilishika meza yake nikalia, akanipa maji, akangoja bila kutazama saa.

Nikamwambia, haya, sasa lete kisu chako. Akacheka. Akaniuliza, "Wewe unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi?" Nikasema, kupiga ngoma. Akaniuliza ngoma ya aina gani, uzito wake, inabebwa wapi. Akanieleza kwamba upasuaji upo na ninaweza kuuhimili, na pete ipo na itanifaa kidonda kikipona kwa dawa, na akaniambia uzuri na ubaya wa kila njia. Kisha akasema, "Kuamua ni kwako, mama." Nilikasirika kidogo. Safari yote ile, niambiwe niamue mwenyewe! Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo juu ya mwili wangu, na nilipotoka nilikuwa natembea kama mtu mwingine.

Nikachagua pete. Kisu kipo, hakiendi popote, nikibadilisha nia nitarudi. Daktari akanirudisha kwa Nabututu, na kidonda kilipopona Nabututu akaniwekea. Walinirushiana kama mpira, nikabishana nao wote wawili, na sasa naona kila mmoja alijua mahali pa kuniachia mwenzake.

Nasimama tangu asubuhi kwenye moto na hakuna yai la bata.

Limebaki tatizo. Pete lazima itolewe ioshwe na nitazamwe tena kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha. Nabututu aliandika, "Katika kliniki iliyo karibu." Unajua iliyo karibu ni ya nani.

Waya wako mwenye furaha na hofu,
Dorca

*

Nyalenda, Kisumu
14 Septemba 2025

Mpendwa Waya,

Habari za huko? Sisi wazima. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu na nimeilalia chini ya mto. Nashukuru Mungu, nashukuru nesi, nashukuru daktari, na nguo zilizofuliwa zilinunuliwa zote.

La kliniki lisikusumbue. Kitanda kiko pale pale. Njoo Novemba, Nabututu atakutazama, na Metrine abaki mkwe wako kwa amani. Mimi simpigii mtu simu.

Naswa anakusalimu na anataka kila mtu ajue kwamba alisema.

Rachael

*

Port Victoria
30 Novemba 2025

Mpendwa Rachael, nyathina,

Hujambo? Dishon hajambo? Mtoto ameingia likizo? Hapa tuko salama, ila mvua imetufanyia vituko. Mto ulifurika, barabara ikakatika, na safari yangu ya kuja kwako ikaishia mlangoni. Nilikaa na begi langu nikitazama maji. Siku za pete zilikuwa zimefika, na maandamano makubwa ya kanisa yalikuwa Jumapili hii. Nikajiambia, Dorca, ulimwamini nesi usiyemjua, ukamwamini kijana mwenye kisu, na huyu uliyemjua miaka yote unamkimbia mpaka unanunua chumvi. Nikajifunga leso, nikaenda.

Nilingoja watu wapungue. Nilipoingia, Metrine aliinua macho. Tukaganda sote wawili. Nikaona anataka kusimama, na mimi nataka kutoka. Kisha akainamisha kichwa, akashika kalamu, akasema kwa sauti ya kazi:

"Karibu, mama. Jina lako ni nani?"

Rachael, ananiuliza jina! Nikaelewa. Nikafunga mlango, nikakaa kama mgeni. "Naitwa Dorca Ajwang."

"Unatoka wapi?"

"Hapa tu, chini karibu na ufuo."

"Sijawahi kukuona hapa. Una watoto?"

"Wawili. Nilijifungulia hapa hapa."

"Nani alikuzalisha?"

"Nesi mmoja mwembamba. Alikuwa mkali sana. Sijui alienda wapi."

Unajua Metrine alivyo mnene sasa. Mdomo ulimtetemeka. "Huyo," akasema, "alinenepa akapotea." Akaandika kitu, sijui nini, nadhani alikuwa anachora tu. "Na msichana wako ameolewa?"

"Ameolewa."

"Na watu wazuri?"

"Nasikia ni wazuri. Baba mkwe ndiye anaongea sana."

"Nimesikia pia," akasema, akavaa glavu.

Nilifunika uso wangu na leso, na nyingine akaitandaza magotini, akafanya kazi yake chini ya leso bila haraka. Mikono ni ile ile. Ilinirudisha kwenye siku ya Aloo, na nikajua anakumbuka na yeye, lakini hatukusema kwa sababu sisi hatukuwa tunajuana. Akaitoa pete, akaiosha, akaniambia kidonda hakipo, akairudisha. Kisha akauliza, "Mama, kuna kitu kizito unabeba?"

"Nilikuwa nabeba ngoma."

"Ngoma ibebwe na kitu kingine. Wewe beba mikono yako tu."

Jioni narudi kutoka dukani nikamkuta njiani amevaa nguo za nyumbani. Akakaa kando ya njia nipite, kama wakwe wanavyofanya, akasema, "Mkwe! Siku nyingi! Afya yako?"

Nikasema, "Nzuri tu, mkwe. Mimi huwa siugui."

Ijumaa nikasikia kelele langoni. Ni Mzee Wanyonyi, mume wa Metrine, anasukuma kitu. Ametengeneza kigari cha mbao chenye magurudumu mawili ya baiskeli, juu kina mduara wa kukalia ngoma. Akasimama uani akaongea juu ya magurudumu yale mpaka chai ikapoa: ni zawadi ya wakwe kwa kanisa la mama yake Aloo, mke wake amemwambia kabla ya Krismasi wakwe wazuri hutoa kitu, na yeye mwenyewe anashangaa wazo la ngoma alilitoa wapi. Mzee wa watu hajui lolote. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Leo ni Jumapili, na ndiyo kwanza nimerudi. Tumeandamana, Rachael. Shantel alisukuma kigari, na mimi nikapiga. Kutoka kanisani mpaka sokoni na kurudi, na hakuna kilichoshuka isipokuwa machozi yangu, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wauza samaki wakaacha samaki. Tulipopita kliniki, Metrine alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake nyeupe. Aliponiona aliinamisha macho, kwa heshima ya mkwe. Lakini mguu wake ulikuwa unacheza.

Nimekuwa na furaha leo ambayo sijawa nayo tangu mume wangu alipokuwa hai.

Sasa wewe. Siku ile kwenye benchi la Nabututu nilikuuliza wewe mwenyewe ulipimwa lini, ukaanza kunieleza bei ya nguo za watoto. Umenipeleka kwa nesi, umenipeleka kwa daktari, umempigia simu mkwe, na wewe hujaenda kwa yeyote. Mimi ndiye niliyemwosha mama yako. Sitaki kuosha mwingine.

Swali hili usilijibu kwa salamu.

Waya Dorca

*

Nyalenda, Kisumu
7 Desemba 2025

Waya,

Nimeenda.

Nilimwachia Naswa meza yangu Kibuye, nikaenda kwa Nabututu. Kwenye benchi nilisimama mara mbili nitoke. Nilikuwa naogopa tangu mama alipokufa, na nilidhani nikikutafutia wewe dawa ile hofu itaona imehudumiwa. Nabututu akaniita ndani, akauliza, "Leo umekuja kuposa?" Nikalia hapo hapo. Akangoja nimalize, akanipima, akasema hakuna kitu. Ni safi, Waya. Ameniambia lini nirudi, na angeona chochote angenituma kwa daktari, na ningeenda.

Nilipokuwa nimelala pale nilipiga ngoma yako na vidole kwenye kitanda. Nabututu akaniuliza ni wimbo gani. Nikamwambia aje Krismasi ausikie, maana sisi sote tunakuja.

Sasa ndiyo naweza kukusalimu. Hujambo, Waya wangu? Habari za Calvince na mashua? Habari za wakwe? Na jogoo je, bado yuko hai, ama nije na viatu vya kukimbilia?

Rachael